Tumchukue mama mkwe kwetu, au tumwache Koreatown?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mkorea, tunaishi Palmdale, kaskazini mwa Los Angeles, na watoto wetu wawili. Mama mkwe ana miaka 78. Yeye na baba mkwe walikuja Marekani mwaka 2001 kulea watoto wa shemeji yangu mkubwa, wakakaa kwake miaka kumi na miwili. Wajukuu walipokua, wazee wakahamia ghorofa la wazee lenye ruzuku ya serikali, Koreatown, mtaa wa Wakorea mjini Los Angeles. Baba mkwe alifariki miezi 14 iliyopita, na tangu hapo mama amebadilika. Kanisani haendi. Amekonda. Usiku halali. Analalamika kifua kinawaka na kuna kitu kimemkaba hapa katikati. Daktari wa moyo amempima, amesema moyo ni mzima. Tukipiga simu anasema hana shida. Mwezi uliopita alimwambia mume wangu kwamba yeye ni mzigo, heri angemfuata baba. Mume wangu alinyamaza na hajaligusa tena jambo hilo. Wifi yangu anasema ni uzee tu. Kwetu mama mjane haachwi peke yake ghorofani kama mpangaji, na mimi nataka tumchukue hata wiki hii. Je, nikimleta atapona? Na ni sawa kumuuliza kama anawaza kujiua, au nitamtia wazo? Mimi Kikorea sijui zaidi ya salamu, na Kiingereza chake ni cha dukani. Nitakaa naye vipi?"

Marahaba, dada. Nitaanza na lile swali la kujiua, kwa sababu haliwezi kungoja kikao cha familia.

Muulizeni, na muulizeni leo. Woga kwamba ukimuuliza mtu habari ya kujiua unamtia wazo umeenea kwetu na umeenea kwa Wakorea vilevile, lakini tafiti za miaka mingi hazikuliona jambo hilo. Wazo kama lipo, lilikuwepo kabla hujauliza. Mara nyingi mtu hushusha pumzi, kwa kuwa jambo alilokuwa nalo peke yake limepata wa kulisikia. Nawe ujue kwamba Korea Kusini ni miongoni mwa nchi tajiri zenye viwango vya juu kabisa vya wazee kujiua. Kwa hiyo maneno "heri ningemfuata baba" mimi siyapokei kama msemo wa wazee. Yanaweza kuwa kilio cha mjane na yakaishia hapo. Yanaweza kuwa zaidi. Kukisia hakutawaambia ni lipi kati ya hayo.

Wa kuuliza ni mume wako, kwa Kikorea, ana kwa ana. Asianze na "Mama, hujambo?" kwa sababu jibu lake liko tayari mdomoni: gwaenchanha, hakuna shida. Ni kama sisi tunavyojibu "sijambo, namshukuru Mungu" huku homa imetupanda. Aanze na kile ambacho mama mwenyewe alikisema: "Mama, uliniambia ungetamani kumfuata baba. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nieleze." Kisha aulize bila kuzunguka: unawaza kufa? Umewaza kujitoa uhai? Kwa njia gani? Akitaja njia, au mkikuta amelimbikiza vidonge, ameanza kugawa vitu vyake, au hali wala hanywi, asibaki peke yake hata kidogo. Mpelekeni idara ya dharura siku hiyohiyo, au pigeni simu 988, laini ya taifa ya Marekani kwa walio katika hatari ya kujiua, na muombe mkalimani wa Kikorea. Na hata akikana yote, ondoeni dawa za marehemu zilizobaki humo ndani. Nyumba nyingi za wajane zina mfuko mzima wa dawa za moyo, za maumivu na za usingizi, na msiba ukiisha hakuna anayeukumbuka.

Sasa twende kwa wifi yako. Hasemi kwa ubaya, ila amekosea. Uzee haumzuii mtu kulala miezi 14 mfululizo, haumkondeshi bila sababu, wala haumwondoi katika kanisa alilolipenda. Unachokieleza katika barua yako kinafanana sana na sonona, ugonjwa ambao mitaani tunauchanganya na msongo wa mawazo. Msongo huja na tatizo na hupungua tatizo likipungua. Sonona hukaa. Karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ladha ya mambo inapotea, mwili unakuwa mzito, na mtu anaanza kujiona hana thamani. Majonzi ya kufiwa nayo ni kitu kingine: huja na kuondoka, na katikati yake mtu bado hula, hucheka, humsimulia marehemu. Mwenye majonzi husema "namkosa mume wangu." Mwenye sonona husema "sina faida kwa mtu."

Ndiyo maana neno lake moja limenikaa kichwani kuliko mengine yote: mzigo. Wakorea husema jim, na jim kama mzigo wetu ni furushi la safari na pia ni mtu anayewaelemea wenziwe. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimekutana hapo. Wazee wa Kikorea nchini Marekani hulitumia neno hilo sana, na nyuma yake pana historia ambayo wewe, kama mkwe, ni vizuri uijue.

Mama yako mkwe alikuwa mtoto mdogo vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950. Alikulia katika hyo, yaani heshima na utumishi kwa wazazi, ambapo kijana wa kwanza wa kiume hubaki na wazazi wake na mke wake ndiye huwatunza. Yeye huenda aliitekeleza zamu yake ya umyeoneuri, ukwe wa kike, chini ya mama mkwe wake mwenyewe. Zamu ya kutunzwa ilipokaribia, dunia ilikuwa imebadilika. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 iliipa nafasi familia kuunganika, na raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kuwaombea wazazi wake makazi bila kungoja foleni ya idadi ya kila mwaka. Kwa mlango huo wameingia maelfu ya akina bibi na babu wa Kikorea, wengi wao uzeeni, ili walee wajukuu huku watoto wao wakishinda kazini. Wanaingia nyumbani kwa mtoto kama wakuu wa ukoo, na baada ya mwezi wanagundua kwamba hawaendeshi gari, hawasomi barua zinazoletwa, na hawawezi kuzungumza na mwalimu wa mjukuu. Anayewatafsiria ni mtoto wa miaka minane. Ngazi imepinduliwa. Lakini bado wana kazi, na kazi ya kulea ni heshima. Kisha wajukuu wanakua, Kikorea kinawatoka mdomoni, na ile kazi inakwisha bila mtu kuitangaza kwamba imekwisha. (Nawaona mama zetu wa Mombasa na Moshi wanaoitwa waende Minnesota au Texas kwa ajili hiyohiyo, na nataka wasomaji wengine walio na mama sebuleni wasikie pia.)

Tuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kumsema mgeni mvivu, lakini mimi naona ndani yake huruma: asiye na jembe katika nyumba hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi na miwili. Mama yako alikuwa na jembe mara mbili. La kwanza lilikuwa wajukuu. La pili, nina hakika nalo, lilikuwa mume wake: kumpikia, kumhesabia vidonge, kumsindikiza kliniki, kugombana naye kuhusu televisheni. Alipokufa, msiba ulikuwa wa mume na wa kazi kwa pamoja.

Hapa nisahihishe jambo la pili, na hili ni lako wewe, dada. Unaliona ghorofa lile kama mahali pa kutupwa. Wakorea wa Los Angeles wana jina lake, noin apateu, nyumba ya wazee, na kwa wengi wao si fedheha. Wazee wengi huliomba wenyewe, wakangoja miaka kwenye orodha, wakashukuru siku walipopewa ufunguo. Ndani ya jengo jirani anasema Kikorea. Chini kuna duka la kabichi na mwani, daktari anazungumza lugha yake, kanisa linatuma basi dogo, benki ina karani wa kumwelewa. Bibi ambaye Palmdale asingeweza kununua chumvi bila kusindikizwa, Koreatown ni mtu mzima anayejitegemea. Na watoto wakija Jumapili wanakuja kama wageni wake, anawaandalia, mkono wake uko juu. Si kwamba hyo imekufa pale. Imehama nyumba tu.

Lakini siwezi kukuficha upande wa pili. Kuishi peke yako uzeeni kunaongeza hatari ya sonona, na jengo lililokuwa zuri kwa wazee wawili linaweza kuwa baya kwa mmoja. Mlango ukishafungwa hakuna anayejua kama umekula. Kanisa ambalo ulikwenda na mumeo linakuwa mahali ambapo kila mtu anakuuliza unaendeleaje, na wewe huna jibu unaloweza kulitoa bila kulia mbele za watu. Kwa mwanamke aliyefunzwa kulinda chemyeon, heshima yake mbele za watu, kubaki chumbani ni rahisi zaidi.

Na kuja kwenu je? Tafiti zilizofanywa kwa wazee wa Kikorea nchini Marekani hutaja mambo yaleyale yanayoambatana na sonona: afya mbovu ya mwili, Kiingereza kidogo, upweke, msaada haba, ugomvi wa ndani ya familia. Paa pekee halitoshi kulinda. Mzee anaweza kuishi na watu watano akawa mpweke kuliko aliye peke yake, kama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hakuna wa kumsemesha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza atalala wapi, piga hesabu ya mchana wake wa Jumatano. Palmdale ni kama kilomita 100 kutoka Koreatown. Wewe na mumeo mko kazini, watoto shuleni, basi la kanisa halifiki, jirani hamuelewani naye. Sioni nani atakayemwambia neno la Kikorea mpaka mwanawe arudi amechoka.

Kuna pia fedha na haki, ambazo wengi huzikumbuka wakishachelewa. Akirudisha ufunguo wa nyumba yenye ruzuku, kuipata tena ni kuanza foleni upya, na foleni hiyo ni ya miaka. Kama anapokea SSI, posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, kuhamia nyumbani kwa mtoto bila kuchangia gharama za makazi kunaweza kukata hadi theluthi moja ya posho hiyo. Kwa upande wa faida, California ina mpango wa IHSS unaolipia msaidizi wa nyumbani kwa wenye Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo hilo kwa wenye kipato kidogo, wasioweza kujifanyia kila kitu, na msaidizi huyo anaweza kuwa ndugu au Mkorea mwenzake wa mtaa. Zipo pia huduma za mchana kwa wazee, ambako hupelekwa kwa gari asubuhi, hula chakula cha kwao, hufanya mazoezi na kurudishwa. Ulizeni hayo kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla hamjafunga hata boksi moja.

Maoni yangu, na nayasema nikijua wewe una haraka ya upendo: msiamue kumhamisha akiwa mgonjwa. Sonona humfanya mtu akubali lolote ili asisumbue, au akatae lolote kwa kuwa haoni kwamba anastahili. Tena ukimng'oa sasa, utampokonya mlango wake mwenyewe na majirani wa lugha yake muda si mrefu tangu ampoteze mume. Mleteni kwa wiki moja au mbili kama mwenyewe anataka, mkishauliza ofisi ya jengo anaruhusiwa kuwa nje siku ngapi. Iwe ni ziara yenye tarehe ya kurudi. Kama hatari ya kujiua ipo, hapo mambo ni mengine: alale penye mtu usiku huohuo, kwenu au kwa shemeji, na habari ya nyumba ingoje.

Habari ya shemeji mkubwa usiiruke. Ukimchukua mama bila kuzungumza naye, kwa macho ya jamaa na ya kanisa kijana wa kwanza ameshindwa na wa pili amemwaibisha, na lawama inaweza kukuangukia wewe, mkwe kutoka mbali. Mama ataiona aibu hiyo, na itakuwa sababu nyingine ya kujiita mzigo. Mume wako amtafute kaka yake kwanza, wawili tu. Waulizane pia kama mwaka wa kwanza wa baba ulifanyiwa kumbukumbu. Familia za Kikorea zisizo za Kikristo hufanya jesa, tambiko la kumkumbuka marehemu. Nyingi za Kikristo hufanya ibada yake. Kama siku hiyo ilipita kimya, haijapita kwa mama, na bado mnaweza kukaa pamoja mkamkumbuka.

Nije kwenye tiba, maana hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima. Kile kifua kinachowaka, donge linalomkaba, kuhema kwa nguvu na kukosa usingizi vina jina kwa Wakorea: hwabyeong, ugonjwa wa moto, au wa hasira, kwa kuwa hwa hubeba maana zote mbili. Wenyewe huueleza kama uchungu uliomezwa miaka mingi mpaka mwili ukashindwa kuuhifadhi. Mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutaja katika mwongozo wake wa magonjwa ya akili. Mara nyingi huja pamoja na sonona. Faida yake kwenu ni ya lugha. Ukimwambia mama ana uuljeung, sonona, atasikia kwamba mnamwita kichaa. Ukimuuliza kama kifua kinamdapdap, kinambana na kukosa hewa, atakueleza kwa nusu saa. Sisi nasi husema "roho inanibana" siku ambayo hatuwezi kusema "nina huzuni." Hadanganyi na hajifanyi mgonjwa. Ameingia kwa mlango ulio wazi, na daktari amfuate kwa mlango huohuo.

Daktari wa moyo amefanya sehemu yake. Sasa aonwe na daktari wake wa kawaida, apimwe damu, tezi ya shingo, vitamini B12, chumvi ya sodiamu mwilini, na dawa zote anazotumia, zikiwemo hanyak, dawa za mitishamba za Kikorea. Zibebeni zilivyo, msizifiche. Jinseng, kwa mfano, inaweza kuvuruga dawa ya kuzuia damu kuganda. Apimwe masikio pia, kwa sababu mzee asiyesikia vizuri huacha mikutano kabla ya kukiri kwamba hasikii. Kumbukumbu yake ichunguzwe, maana sonona ya uzeeni inaweza kujifanya usahaulivu, na usahaulivu unaoanza unaweza kujifanya sonona. Lipo dodoso fupi la maswali 15 ya sonona kwa wazee, nalo limeshatafsiriwa na kupimwa kwa Kikorea. Na mkalimani awe wa hospitali. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kumtoa bure. Asitafsiri mjukuu, na ikiwezekana hata mwanawe asitafsiri, kwa kuwa mbele yake mama atarudia gwaenchanha.

Dawa za sonona husaidia wazee wengi, na si dawa za kulewesha kama wanavyoogopa. Kwa umri wake huanzwa kwa kipimo kidogo, hupandishwa polepole, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Baadhi zinaweza kushusha sodiamu, ndiyo maana damu hupimwa tena. Ushauri nasaha kwa Kikorea upo Los Angeles, jambo ambalo miji mingi haina, na ni sababu nyingine ya kutomvuta mbali kwa sasa. Kama mchungaji anaaminika, mume wako amwombe aje kumtembelea nyumbani. Wazee wengi wa Kikorea humkubalia mchungaji kwenda kliniki baada ya kumkatalia mtoto. Ila mchungaji anayesema sonona ni upungufu wa imani, mshukuruni kwa chai na mtafute mwingine.

Baada ya wiki sita hadi nane za tiba, akiwa ameanza kulala na kula, ndipo mumuulize anataka kuishi wapi. Huenda akachagua kwenu. Huenda akachagua ufunguo wake, na nyinyi mkahamia karibu zaidi naye.

Umeuliza utakaa naye vipi bila lugha. Mwite eomeonim, kama mkwe anavyomwita mama wa mumewe, kisha umwombe akufundishe kimchi, achari yao ya kabichi. Usimwombe apike, kwa sasa nguvu hana. Nenda Jumamosi na kabichi ndefu mbili na mfuko wa chumvi, umwoneshe kwa mikono kwamba hujui. Kabichi hupasuliwa, hutiwa chumvi jani kwa jani, na huachwa saa nyingi ilegee kabla ya kupakwa pilipili. Siku ya kwanza huenda akakaa kwenye kiti akuangalie tu. Ukitia chumvi vibaya, ataamka.